Jicho la Pembeni

Gabriella hakujua kutulia. Hata alipokaa, kulikuwa na kitu ndani yake kilichobaki kimesimama. Darasani mguu wake ulipigapiga sakafu, na vidole gumba vyake vilizunguka juu ya daftari kana kwamba daftari lilikuwa na vitufe.

"Gabriella," mwalimu alisema siku moja, "dawati hilo halina injini. Usiliendeshe."

Watoto wakaangua kicheko. Gabriella akaubana mguu chini ya dawati. Baada ya dakika mbili ukaanza tena.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, lakini alisoma pamoja na watoto wa miaka kumi. Vita vilimtoa Uvira, mashariki mwa Kongo, akiwa darasa la kwanza, na safari ya kufika Malawi ilimlia miaka mitatu mizima. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka masomo yalikuwa ya Kiingereza na Kichewa, naye alikuja na Kiswahili na maneno machache ya Kifaransa. Jina lake halikuitwa darasani ila mguu wake ulipopiga kelele.

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo jina lake lilitajwa kwa heshima, napo ni katika banda la gemu la Papa Épitace. Kila alipotoka shule alichota ndoo mbili za maji, akakata nyuzi zilizoning'inia kwenye nguo alizoshona shangazi yake, tantine Antoinette, kisha akachomoka.

"Unakimbilia nini?" tantine alimwita nyuma. "Banda halina miguu, halitakimbia!"

"Saa tisa wanawasha jenereta, tantine!"

Ndani ya banda mlikuwa na mabenchi mawili, televisheni moja, mashine moja ya gemu na pedi mbili za kuchezea. Gemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya bunduki. Ndani yake mchezaji haoni mwili wake, anaona mikono na bunduki tu, kana kwamba ni yeye mwenyewe anayetembea mle. Wakicheza wawili, kioo cha televisheni kiligawanyika. Nusu ya kushoto ilikuwa ya mmoja, nusu ya kulia ya mwenzake. Walitafutana katika vyumba vya jumba kuukuu, na wa kwanza kufikisha pointi kumi na tano ndiye mshindi.

Papa Épitace alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba sauti izimwe. Siku ya kwanza ya gemu ile aliifungulia sauti, na jirani yake, Mama Vénérande, bibi aliyetoka Fizi, kusini mwa Uvira, aliposikia risasi aliwabeba wajukuu wake wawili na sufuria ya maharagwe, akakimbia mpaka barabara ya Dowa. Walimkuta huko anatetemeka, maharagwe yamemwagikia kitenge. Tangu siku hiyo gemu ilichezwa kimya. Hakuna aliyelalamika, maana karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wa namna hiyo, na redio bado zilileta habari za mapigano huko nyumbani.

Sheria ya pili ilikuwa hii: usichungulie nusu ya mwenzako. Atakayekamatwa ataacha pedi.

Gabriella hakukamatwa hata siku moja. Kichwa chake hakikugeuka. Macho pekee yaliteleza mara moja upande wa pili, kama mjusi anayepita ukutani, yakaona mwenzake yuko chumba gani, yakarudi. Ndiyo maana alikuwa bingwa. Watoto walidhani ana kipaji, naye, kwa kusifiwa mno, alianza kudhani hivyo pia.

Aliyesumbuka kuliko wote alikuwa Ganza, kijana wa Kirundi wa miaka kumi na minne, mtaratibu kama anayehesabu hatua zake.

"Weye ni mchawi," Ganza alimwambia. "Najificha nyuma ya pipa, unakuja moja kwa moja. Nani alikwambia niko kwenye pipa?"

"Pipa njo limeniambia," Gabriella alijibu kwa Kiswahili cha Uvira, na banda zima likacheka.

Siku moja Papa Épitace alisimama mbele ya televisheni, akapiga makofi.

"Sikieni, batoto. Rafiki yangu René ana banda Lilongwe, Area 25, upande wa Kanengo. Anataka mchezaji wetu mmoja akutane na wake Jumamosi. Michezo mitatu, wa kwanza kushinda miwili ndiye mshindi. Atakayeshinda hapa leo ndiye atakayecheza. Wa pili atakwenda kama akiba."

Moyo wa Gabriella uliruka. Jina lake litaitwa Lilongwe! Alicheza na Ganza mchezo wa kuamua, na jicho la pembeni halikupumzika. Kumi na tano kwa kumi na tatu. Ganza aliweka pedi chini taratibu, akampa mkono.

"Umenishinda, dada," alisema. "Nitakubebea maji ya kunywa."

Mkono ule ulikuwa na jasho la mtu aliyejitahidi. Gabriella aliuachia upesi.

Jumamosi Papa Épitace alichukua karatasi zao za ruhusa ya kutoka kambini, na kabla ya saa nne walikuwa Lilongwe. Banda la René lilikuwa na sakafu ya saruji na feni. Gabriella alipoingia ndani alisimama kama aliyekanyaga mwiba.

Televisheni zilikuwa mbili, zimepeana migongo, kila moja na mashine yake, na waya mmoja uliziunganisha. Kila mchezaji alikuwa na kioo kizima peke yake. Juu ya kila kiti ilining'inia hedifoni, ili kila mtu asikie sauti ya upande wake.

Mpinzani alikuwa msichana Mmalawi aitwaye Limbani, mwembamba, mwenye tabasamu. "Moni," alisalimu, akavaa hedifoni zake, akaketi.

Gabriella naye akavaa zake, mchezo ukaanza. Jicho la Gabriella likateleza pembeni kama kawaida yake. Likakuta ukuta. Likateleza tena. Ukuta uleule, na kalenda. Papo hapo risasi ya kwanza ikalia masikioni mwake, karibu mno, kama zile za Uvira. Akazivua hedifoni, akaziacha shingoni, akaendelea kucheza bila kusikia kitu, kama walivyozoea Dzaleka.

Alikimbia chumba hadi chumba. Alifyatua risasi zote ukutani. Bunduki yake ilitazama sakafu, na kila alipoiinua alikuwa amekwisha kufa. Mara zote alipigwa kutoka nyuma. Mchezo ulikwisha kumi na tano kwa tatu.

Limbani alizunguka meza, akasema maneno kwa Kichewa. Papa Épitace akayatafsiri. "Anauliza mbona hukumsikia. Anasema alikuwa akitembea nyuma yako, viatu vinalia."

Gabriella alizishika hedifoni zilizokuwa shingoni. Papa Épitace aliinama karibu yake. "Una homa, binti yangu? Huyu si Gabriella ninayemjua."

Hapo palikuwa na njia rahisi. Angeweza kusema ndiyo, nina homa. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Ganza alisimama kando yake na chupa ya maji, kifuniko amekwisha kukifungua, anangoja tu amnyweshe bingwa wake.

"Sina homa, Papa," alisema. "Huyu ndiye Gabriella. Yule wa Dzaleka alikuwa anachungulia."

"Anachungulia nini?"

"Nusu ya mwenzake. Siku zote. Hata siku ya kuamua." Alimgeukia Ganza. "Kiti hiki ni chako. Nilikuibia."

Ganza alifunga kifuniko cha chupa. Akakifungua. Akakifunga tena. "Kwa hiyo pipa halikukwambia," alisema mwishoni, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Inuka," alisema Papa Épitace kwa sauti ndogo. "Mpe mwenzako nafasi."

Ganza alivaa hedifoni sikio moja, maana naye hakuwa ameizoea sauti. Alicheza polepole, kwa akili, na mara mbili aliongoza. Limbani alimshinda kumi na tano kwa kumi na mbili, na mechi ikaisha. Walipoagana René alisema, "Zikomo, asanteni! Mwezi ujao tunakuja kwenu." Njiani kurudi Dzaleka Gabriella alitazama nje, mguu wake ukipiga sakafu ya gari.

Alijua adhabu inakuja. Jumatatu ilikuja kweli, lakini si ile aliyoifikiria.

"Sheria ni sheria. Wiki mbili hutagusa pedi," Papa Épitace alimwambia mbele ya wote. "Lakini utakuja kila siku. Utakaa kwenye benchi nyuma ya Ganza, na kila anapokufa utaniambia aliuawa kutoka wapi, na kwa nini."

"Nikae tu?"

"Ukae tu."

Wengine walinong'ona. Mmoja alimwita Jicho. Siku ya kwanza benchi lilimchoma kama jiko. Siku ya pili alisimama mara sita, na mara sita Papa Épitace alimwonyesha benchi kwa kidole. Siku ya tatu Ganza alipokufa, Gabriella alijikuta akisema, "Ulitoka mlangoni bila kutazama kona ya kulia."

Ganza hakugeuka. Lakini mara iliyofuata alitazama kona ya kulia kwanza, na hakufa.

Kidogo kidogo Gabriella akaanza kuona. Ganza hakukimbia ovyo, alitembea. Bunduki yake haikutazama chini hata siku moja. Aliishika kwenye usawa wa kifua cha mtu, ikimngoja adui mahali atakapotokea. Hakumwaga risasi zote. Alipiga tatu, akaacha, akapiga tatu. Na alijaza risasi upya akiwa nyuma ya ukuta, kamwe si katikati ya chumba. Kidole chake kilikiegemea kijiti cha pedi kwa wepesi, kama mtu anayegusa yai.

"Ni nani alikufundisha haya?" Gabriella alimwuliza.

"Weye," Ganza alisema. "Umeniua mara mia. Kila usiku niliwaza nimekosea wapi."

Jioni ile Gabriella alichukua katoni tupu la mafuta ya kupikia, akalikata, akamwomba tantine kipande cha kitambaa cheusi.

"Cha nini?"

"Cha kunizuia mimi, tantine."

Tantine Antoinette alimtazama, akaweka chini mkasi, na wakalishona pamoja. Lilikuwa kama ukuta mdogo, mrefu wa mkono mmoja. Kesho yake wakalisimamisha katikati ya televisheni, likaja mpaka kati ya wachezaji wawili, na kila mmoja akabaki na nusu yake tu. Papa Épitace naye alileta hedifoni mbili na waya wa kuziunganisha na mashine, ili sauti isitoke nje ikamfikia Mama Vénérande.

Wiki mbili zilipokwisha, Gabriella alishika pedi. Risasi ya kwanza ilimrusha benchini. Ganza akashusha sauti mpaka milio ikawa kama bisi zinazoruka ndani ya sufuria. "Sikiliza viatu," alimwambia. "Risasi achana nazo."

Akashindwa. Akashindwa tena. Alishindwa michezo kumi na mmoja mfululizo, na watoto wadogo walipiga kelele, "Bingwa wa kuchungulia!" Mara mbili jicho lilimtoroka likagonga kitambaa cheusi, na mara mbili aliona aibu ingawa hakuna aliyemwona. Alipofika nyumbani alijiuliza alikufa wapi na kwa nini, na asubuhi alikuwa na jibu moja jipya.

Siku moja kabla ya wageni wa Lilongwe kufika, walicheza mchezo wa kuamua. Banda lilijaa mpaka mlangoni. Kumi na nne kwa kumi na nne.

Gabriella alimwingiza mtu wake chumba cha mwisho, akasimama nyuma ya mlango. Kila kitu mwilini kilimwambia kimbia, mtafute, maliza. Hakukimbia. Aliinua bunduki usawa wa kifua, akasikiliza. Mbali, viatu. Kimya. Viatu tena, upande wa kushoto, polepole, kama mtu anayehesabu hatua zake. Vikakaribia. Vikafika.

Risasi tatu.

Banda lililipuka kwa shangwe. Ganza alivua hedifoni, akasimama, akalikagua katoni juu, chini, na pembeni. Akapenyeza kidole kwenye mshono.

"Hakuna tundu," akatangaza, kisha akampa Gabriella mkono. "Kesho ucheze weye na Limbani, dada. Safari hii maji utajibebea mwenyewe."

Papa Épitace aliwanyamazisha.

"Mumeona, batoto," alisema. "Gabriella alipochungulia alishinda michezo mingi, na hakujifunza hata kitu kimoja. Alipopelekwa mahali pasipo na nusu ya mwenzake, alibaki mikono mitupu. Alipokubali kushindwa mara kumi na moja kwa haki, kila mara alitoka na kitu ambacho hakuna wa kumnyang'anya. Anayeiba jibu anapata jibu moja, na la kesho litamshinda. Anayelitafuta mwenyewe anapata njia. Iwe gemu, iwe hesabu, iwe cherehani. Na kingine: kusema 'nilikosa' mbele ya watu kulimgharimu kiti, lakini bila neno lile tusingekuwa hapa leo. Kwa hiyo mutakapokwenda..."

"Papa Épitace," alisema Ganza, amekwisha kuketi na pedi mkononi. "Tumesikia. Lakini jenereta inakula petroli, na mi nataka kisasi."

Papa Épitace alicheka mpaka akashika ukuta. Gabriella akavaa hedifoni, akasukuma katoni mpaka likasimama wima kabisa, kisha akasema, "Haya. Anza."