Kichwa cha Ralitsa Kilisema Hapana

Nilikosea, tena kwa kalamu, kwa hiyo siwezi kukana. Kwenye orodha ya wasichana wa darasa la sita watakaoimba nyumba kwa nyumba Jumamosi ya Lazaro, ile ya kabla ya Jumapili ya Matawi, mbele ya jina la Ralitsa niliandika: hataki.

Mimi ni Mwalimu Minko, wa muziki. Asubuhi ile, kama kila Jumanne, tulikuwa kwenye mazoezi. Ralitsa alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na makoti, mahali pake pa siku zote. Nikamwuliza, "Utaimba nasi?" Kichwa chake kikaruka juu. Kwetu Bulgaria kichwa kikienda juu ni hapana. Ndiyo ni kukitikisa kulia na kushoto. Nikasema, "Haya bibie, hatulazimishi," nikaenda kwa mwingine. Wenzake wakajaribishana mataji ya maua. Yeye akabaki na makoti.

Kesho yake bibi yake, Bi Tsonka, akaja naye mpaka darasani.

"Mwalimu, mtoto hajala tangu jana. Mbona umemwacha?"

"Nilimwuliza, Bi Tsonka. Akakataa."

"Alikataa kwa mdomo?"

"Kwa kichwa."

Bibi akavuta kiti, akaketi. "Na diploma yako yote hiyo," akasema. "Mwanangu, huyu ana mtindio wa ubongo. Sehemu ya ubongo inayoamuru misuli iliumia alipozaliwa. Akili anayo, kwa hesabu anakushinda. Ila ulimi unachelewa, na shingo haimsikii. Na akitaka kitu sana, ndipo inaporuka zaidi. Nikipika pai ya jibini kichwa kinakataa mpaka naogopa kitang'oka, na sahani inarudi tupu."

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Tazama mkono wa kushoto. Akifunga ngumi, ndiyo. Lakini inachukua muda. Kunywa kahawa huku unangoja."

Nikachuchumaa mbele ya Ralitsa, nikamwuliza upya. Kichwa kikaruka, kikaruka tena, goti likatetemeka. Mtu kule nyuma akacheka, akaacha. Nilihesabu hadi thelathini na moja. Kidole kimoja kikajikunja, kikafuata kingine, mpaka ngumi ikafunga, kidole gumba kikiwa ndani.

Nikafuta "hataki". Vesela, kiongozi wa waimbaji, akamvisha taji. Likaanguka. Akaliokota, akalifunga kwa utepe chini ya kidevu.

"Mwalimu," akasema polepole, "sisi tulimwuliza mwezi wa tisa kama atacheza nasi. Kichwa kikaenda juu. Tukaachana naye."

"Mpaka leo?"

"Tulidhani anaringa."

Miezi saba karibu na makoti, akitaka kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyotaka ndivyo tulivyomsoma kinyume.

"Watoto," nikasema, "hali hii imemshika misuli, haikumshika hamu. Mwili wake ukiwaambia jambo, mwulizeni mwenyewe, kisha mumngoje. Hakuna aliyewahi kufa kwa kungoja."

Hawakucheka. Nami sikuwa nimefanya mzaha.

"Aliyemwuliza mara mbili tangu mwezi wa tisa hadi jana, naomba ainue mkono."

Mikono yote ilibaki juu ya madawati. Wangu ulikuwa mfukoni. Ralitsa akatutazama mmoja mmoja, akingoja.