Mikono Miwili Nyuma ya Korongo

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Huyo mwanamke ni nani?"

"Mwanamke gani tena?"

"Wa kwenye benchi, bwawani, leo saa nne asubuhi! Umevaa shati la kijani nililokununulia mimi, umemshika mikono yote miwili, unachekelea kama umeokota hela. Haya, kataa!"

Nilisikia friji ikinguruma upande wake wa simu. Huyu mtu ni fundi wa mafriji, mimi humwita Fundi, na mapenzi yetu yana miaka mitatu.

"Uliniona wapi?"

"Kwa hiyo ni kweli!"

"Mpenzi, siwezi kukwambia sasa hivi. Nimemwahidi mtu. Nipe mpaka Ijumaa."

"Umemwahidi mtu? Na mimi ni nani, jirani yako?"

Nikakata. Nikamwandikia: "Tumeachana. Usinitafute." Nikaifungia namba yake, kisha nikalia mpaka mto ukalowa.

Ngoja niwaeleze nilivyomkamata. Mimi napiga picha za pasipoti: uso katikati, mabega mawili, pembeni kote nakata. Lakini roho yangu iko kwa ndege. Nilitaka kununua kamera ya kupigia picha ndege wa bwawani, na kuchagua kukanishinda. Nichukue ile kubwa ya fremu nzima, au ile ndogo ambayo wauzaji huiita kropu? Kila niliyemuuliza alinichanganya zaidi. Mzee wa dukani alipochoka na maswali yangu, akaniazima zote mbili kwa siku moja, na lenzi mbili za aina moja.

"Zisimamishe pamoja, piga ndege mmoja," alisema. "Kropu inakata pembeni, kwa hiyo ndege anaonekana yuko karibu. Fremu nzima inachukua mpaka vilivyo kando yake. Halafu amua mwenyewe, uniache nipumzike."

Ng'ambo ya bwawa alisimama korongo, ametulia tuli. Nikabonyeza kamera zote mbili kwa pamoja, akili yangu yote iko kwake. Jioni nikafungua picha za kropu kwanza. Korongo safi, manyoya unayahesabu! Nyuma yake benchi, na kwenye benchi Fundi wangu na mwanamke aliyenipa mgongo, kilemba cha zambarau kichwani. Picha za kamera kubwa sikuzigusa. Za nini tena?

Kesho yake nikarudisha mizigo ya watu. Alhamisi, mzee wa dukani akapiga.

"Binti, umesahau kadi ya picha kwenye ile kamera kubwa."

"Itupe tu, mzee. Sitaki kamera, sitaki ndege, sitaki mtu."

"Njoo uangalie kwanza, ndipo uitupe mwenyewe."

Nikaenda nimevimba macho. Alikuwa ameshaifungua picha kwenye kompyuta.

"Ona tofauti. Korongo amekuwa mdogo kidogo, lakini tazama nafasi uliyopata. Hata huyu baba mwenye kofia ameingia."

"Baba gani?"

Akanionyesha kwa kidole. Mwisho wa benchi, kofia magotini, shingoni tai ambayo hajaivaa tangu siku aliyostaafu ualimu.

"Baba!"

"Unamjua?"

"Kanizaa!"

Jamani, nilichanganyikiwa. Miaka mitatu Fundi anaomba kuja nyumbani kujitambulisha, Baba anamjibu "bado, bado." Kumbe wamekaa benchi moja, Fundi ameshika mikono ya mwanamke, na Baba anawatazama na kutabasamu!

"Mungu wangu," nikasema, "Baba anamwozesha mchumba wangu!"

"Pole sana," mzee akasema. "Kwa hiyo, unachukua ipi?"

"Nichapishie hii!"

Nilimkuta Baba sebuleni anasoma gazeti. Nikaibwaga picha juu ya gazeti.

"Baba, nimekukosea nini?"

Akaitazama. Akavua miwani, akaiweka kwenye kochi.

"Nani kapiga hii?"

"Mimi! Unamtafutia Fundi mke, Baba? Mimi nina kasoro gani?"

"Mke? Mwanangu, huyo mama ana miaka hamsini na sita."

"Basi anapenda vijana!"

"Ni wangu."

"Wako nini?"

"Mchumba wangu. Mimi, baba yako."

Nikakaa bila kuangalia, na miwani ya watu ikapasuka chini yangu. Hakuna aliyejali.

"Ni muuguzi anayenipima presha pale zahanati," Baba akasema. "Siku tuliyomzika mama yako uliapa hakuna mwanamke atakayekanyaga jikoni kwake. Nikaogopa kukwambia. Na wewe nikaogopa kukuoza, maana ungeondoka nikabaki peke yangu. Sasa Fundi akaja zahanati kutengeneza friji ya dawa, akatukuta tunakula chungwa moja."

"Akanyamaza!"

"Nilimwomba. Alikubali kwa sharti moja, nikwambie kabla ya Ijumaa. Jumapili yule mama alikuwa analia, anataka kujitoa, anasema hutampenda. Fundi akamshika mikono, akamwambia, 'Mama, usimwogope. Ana makelele, lakini moyo wake ni mzuri kuliko wote ninaowajua.'"

Hapo ndipo nilipolia kilio chenyewe. Wakati ananisifia, mimi nilikuwa ng'ambo nakata ya pembeni kama kwenye picha ya pasipoti.

Nikafungua namba yake. "Nisamehe. Baba amenieleza yote. Nimekosa mimi."

Hakujibu. Ijumaa nzima nilishika simu hata nikiwa naoga. Jumamosi jioni ikaingia: "Kesho saa nne, benchi lile lile. Usije na kamera."

Nilimkuta na shati lile la kijani. Hakusimama kunipokea.

"Miaka mitatu," akasema. "Na picha moja ikatosha."

"Ilitosha kwa sababu ya ujinga wangu. Niliumia, nikakata kabla hujamaliza kusema. Naogopa kukupoteza, Fundi, hilo ndilo nililonalo."

Aligeukia bwawani. Korongo alikuwepo, karibu kabisa, na mimi mikono mitupu.

"Umenunua kamera ipi?"

"Kropu, jana."

"Hata baada ya haya yote?"

"Kwa ndege ni nzuri, acha niseme ukweli. Kwako wewe nitakuwa nauliza, na nitasubiri jibu."

Kacheka! Akasogea, akanipa nafasi ya kukaa.

"Haya, uliza."

"Utakuja lini nyumbani kujitambulisha?"

"Baba yako kasema Jumamosi. Na yule mama anakuja Jumamosi hiyohiyo, kujitambulisha kwako. Sasa mwenyeji ni nani na mgeni ni nani?"

Nikajaribu kupanga kichwani. Baba anampokea Fundi, mimi nampokea mchumba wa Baba, na chai anapika nani, jikoni kwa mama?

"Sijui," nikasema. "Nimechanganyikiwa tena."

"Na jikoni?"

Nikakumbuka kile kiapo changu.

"Aingie," nikasema, nikamshika mikono yote miwili.