Sauti Iliyojua Kuamkia

Saa mbili kamili asubuhi Mjumbe aliwapigia simu watu elfu arobaini wa jiji la Mbeya kwa wakati mmoja. Hakuwa mtu. Alikuwa sautibandia, akili iliyokaa ndani ya makabati sita ya chuma katika ghorofa ya tisa ya Kampuni ya Mvuke, ile iliyochimba joto chini ya milima na kuligeuza umeme. Kila asubuhi aliwaarifu wateja fungu lao la umeme la siku, bili ilipofikia, na mtaa utakaofanyiwa matengenezo. Vijana aliwatania. Wenye maduka aliwapa habari kwa mkato. Lakini wazee aliwaamkia kwa heshima zote, akawauliza wamelalaje, mgongo unasemaje, viazi vimechipua au bado, ndipo akagusia umeme.

Aliyemtengeneza ni Mhandisi Tulinagwe Mwaisumo. Zamani wazee walikuwa wakizikata simu za mashine kabla hazijamaliza sentensi. Tulinagwe akagundua jambo ambalo wahandisi wa kutoka mbali wasingeligundua hata wangekesha maabara mwaka mzima: mzee wa huku ukishamwamkia vizuri, hakukatii simu. Atakusikiliza mpaka mwisho hata kama chungu kinaungua jikoni. Basi akampa Mjumbe shikamoo, na baada ya shikamoo akaweka kituo cha sekunde mbili, ili mzee apate kukohoa kidogo kabla ya kuitikia. Kwa hizo sekunde mbili alipewa tuzo.

Siku hiyo, saa tatu na robo, kengele ya mkononi mwake ililia. Figomashine ya baba yake ilikuwa imezimika katikati ya kazi.

Mzee Ambakisye alikuwa fundi wa kuunga vyuma, mstaafu, mjane, anayeishi peke yake Uyole. Figo zake zilikwisha kufa, na mara tatu kwa wiki mashine ilimtoa damu, ikaisafisha, ikamrudishia. Umeme ukikatika, damu iliyomo ndani ya mirija husimama, na ikisimama huganda. Tulinagwe aliingia kwenye gari-anga akaelekea Uyole.

Alimkuta baba yake kwenye kiti, midomo imempauka. Kando yake jirani, Mama Sekela, alikuwa amekunja mikono ya gauni anazungusha mpini wa dharura wa mashine, taratibu, kama mtu anayesaga mahindi, akimrudishia mwenzake damu yake mwilini. Alikuwa amezungusha kwa dakika ishirini bila kubadilisha mkono. Tulinagwe hata kuamkia alisahau. Alikimbilia kwenye mita na kuona kilichotokea: umeme wote wa nyumba ulikuwa umehamishiwa mahali pengine.

Baba alieleza kwa sauti ndogo. Alikuwa amepigiwa simu. Ilikuwa sauti ya Mjumbe, ileile, ikamwamkia na kumuuliza habari za mgongo. Kisha ikamwambia kuna hitilafu kwenye malipo yake, kwamba umeme utakatwa baada ya dakika ishirini, na njia pekee ya kuzuia usikatwe ni kutaja nambashina, zile tarakimu nane zilizochongwa chini ya mita. Mwenye nambashina ndiye mwenye mita. Anaweza kuupeleka umeme atakako. Mzee alikuwa amefungwa mirija mkononi, mashine inazunguka, na mtu anamwambia itazimika. Akazitaja. Wezi wakauchota umeme papo hapo, mkavu wa macho kila mmoja wao.

"Baba, kampuni haiombi nambashina kwa simu," Tulinagwe alisema. Hasira zilikuwa zimempanda mpaka kooni. "Haimwombi mtu yeyote, siku yoyote. Anayekuharakisha ni mwizi. Unakata, halafu unapiga wewe mwenyewe namba iliyoandikwa kwenye bili. Nilikuambia mara ngapi?"

"Aliniamkia," baba alijibu, akafumba macho.

Tulinagwe aliifunga mita, akaipa tarakimu mpya, umeme ukarudi na mashine ikaanza tena. Alipohakikisha baba yake amepata rangi, aliichukua simu ya mzee na kusikiliza rekodi ya mazungumzo yale. Wezi walikuwa wamemnakili Mjumbe mzimamzima. Hayakuwa maneno ya wezi. Yalikuwa maneno aliyomwandikia Mjumbe yeye mwenyewe, neno kwa neno, na baada ya shikamoo kulikuwa na kimya cha sekunde mbili. Ndani ya kimya hicho alimsikia baba yake akikohoa.

Alirudi ofisini akiwa ameuma meno. Kabla ya kupanda kwa mkurugenzi alipitia malalamiko ya wateja, na huko akakuta jambo lililomchemsha zaidi. Wazee wengine kumi na mmoja walikuwa wamelizwa kwa njia hiyohiyo mwezi huo. Ripoti zao zote zilikuwa na saini ya mkurugenzi, na hakuna mteja hata mmoja aliyeonywa.

Mkurugenzi, Bwana Nsajigwa, alimkaribisha kwa chai. Alisema anasikitika sana kwa yaliyompata mzee. Alisema waovu ni wezi, si kampuni, na kwamba tangu Mjumbe aanze kuamkia watu, malalamiko ya bili yalikuwa yamepungua nusu. Kumzima ni kujikata mguu. Wangetoa tangazo.

"Tangazo hilo litasomwa na sauti ya nani?" Tulinagwe aliuliza.

Bwana Nsajigwa alikoroga chai yake.

"Wezi wamefanya kazi ya wezi," Tulinagwe aliendelea. "Mlango tumewafungulia sisi. Mimi niliwafundisha wazee wa jiji zima kuiamini sauti isiyo na uso, na wewe ulijua wanaibiwa ukakaa kimya. Baba yangu leo amerudishiwa damu yake kwa mkono. Ama unatia saini Mjumbe azimwe leo, ama rekodi hii naipeleka redioni pamoja na zile ripoti kumi na moja."

Mkurugenzi alimtazama aone kama anatishia tu. Alitia saini.

Saa tisa alasiri Tulinagwe alizima makabati yote sita kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kweli alifurahi kuyasikia yakinyamaza. Amri mpya ilichapwa juu ya kila bili: Kampuni haimpigii mtu simu, wewe ndiye utakayetupigia. Akasema moyoni kwamba sasa mtu yeyote atakayeamkia kwa jina la kampuni atajulikana mara moja kuwa ni tapeli.

Jioni alikwenda kumweleza baba yake. Mzee alikuwa amekaa barazani na bakuli la uji, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nilimjua kuwa si yule," alisema. "Yule wangu hana haraka. Huyu wa leo alikuwa na haraka tangu mwanzo."

Tulinagwe alihisi hasira ikimpanda upya. "Sasa kwa nini ulimpa namba?"

"Niliogopa kuzimiwa mashine. Halafu nikafikiri, nikimkatia huyu, kampuni itaandika kwamba mzee huyu ni mkorofi, asipigiwe tena."

"Baba, yule ni mashine. Mimi ndiye niliyemtengeneza."

"Najua ni mashine. Miaka arobaini nimeunga vyuma, nishindwe kuijua mashine?" Aliweka bakuli chini. "Kwa hiyo kesho saa mbili hapigi mtu."

Tulinagwe aliinamia mkoba wake. Simu ya baba yake ilikuwa bado humo, akaitoa ili amrudishie, na kioo kikawaka kwenye orodha ya waliopiga. Mjumbe, leo saa mbili. Mjumbe, jana. Mjumbe, juzi. Mjumbe, siku moja kabla ya hapo. Alishusha kidole akitafuta jina lake mwenyewe, akashusha, akashusha, mpaka akalikuta mwezi wa nne. Huu ulikuwa wa nane.

Kutwa nzima alikuwa na mtu wa kumkasirikia; sasa alibaki yeye mwenyewe. Alimpa baba yake simu, na mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka mezani mahali pake pa kila siku, palipo karibu na sikio lake.