Kasi ya Viini Kumi na Sita

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha mlango.

Ya pili ilitoka kwenye bastola ya mpelelezi Kisu, aina ya Beretta, na mtu wa genge la magendo akaanguka ameshika goti.

Saa sita na dakika nne, mchana kweupe.

Kisu alimfunga pingu kwenye bomba, akaruka ndani ya chumba cha seva cha hospitali. Joto lilimpiga usoni. Nyaya za feni zilikuwa zimekatwa.

"Mhandisi, nimeingia," alisema kwenye simu.

"Hiyo seva ndiyo inaendesha mashine za kupumulia huku wodini. Wagonjwa kumi na wawili, na shahidi wako wa kesi ya genge hilo yumo." Sauti ya mhandisi haikutetemeka. Miaka minne iliyopita alikuwa mke wake. "Joto?"

"Tisini na moja."

"Ikifika mia inajizima. Viini vyote vya prosesa, vile vinavyopiga hesabu za seva, nilivipangia kasi ya chini, visichemke. Huyo jamaa amevizima kimoja kimoja, akaviwasha tena. Vimerudi vimesahau kasi yake, vinakimbia ovyo."

"Si una faili linalovikumbusha?"

"Kalifuta. Fungua kabati, kuna karatasi mlangoni. Huwa naandika kwa mkono pia. Mashine siziamini. Watu ndio kabisa."

Kisu alifungua kabati. Karatasi ilikuwa na viini kumi na sita, kila kimoja na kasi yake. Akaanza kuziingiza kwenye seva, moja baada ya nyingine.

Tisini na sita.

Jasho lilimwingia machoni. Tisini na nane.

Kiini cha mwisho.

Tisini na saba. Tisini na tatu.

"Wanapumua," mhandisi alisema, naye akashusha pumzi. "Ahsante."

"Nimerudi, mke wangu. Safari hii siondoki."



"Geuza hiyo karatasi."

Aliibandua. Nyuma kulikuwa na mwandiko wa Kisu mwenyewe, wino umefifia: *Nitarudi Jumapili. Nisubiri tule pamoja.*

"Mwaka mzima nilipika kila Jumapili," alisema mhandisi taratibu. "Nililia mpaka nikachoka. Halafu siku moja nikahitaji karatasi ya kuandikia, hiyo ikawa karibu."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani. Irudishe mlangoni, bado naitumia."

Simu ikakatika.

Kisu aliibandika, namba zikitazama nje. Alivaa miwani ya jua akiwa bado ndani, akapita koridoni bila haraka, mkono mmoja mfukoni. Moyo ulikuwa unamuuma vibaya sana. Muuguzi aliyempisha mlangoni aliona tu mwanamume nadhifu anayekwenda zake.