Majibu ya Kupika

Msichana amevaa gauni la manjano, pasi imelala vizuri, raba nyeupe hazina hata alama ya tope, halafu ameinama kwenye lundo la taka za soko la Kitale akiokota avokado zilizooza. Nani hatamtazama? Jumamosi hiyo soko zima lilimtazama. Wauza mboga za sukuma waliacha kuita wateja wakaanza kuulizana kama huyo ana akili timamu au ni masomo yamemzidi.

Jina lake Phelista, mzaliwa wa Ndalu, na akili alikuwa nazo nyingi. Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha ufundi hapo Kitale, akisomea kemia.

Langoni alisimama kijana mrefu, shati la samawati, kalamu sikioni. Huyo ni Absalom, mwanafunzi wa biashara na takwimu kutoka Bungoma, aliyekuja Kitale kuwauliza wanunuzi maswali ya kazi ya darasa. Mwalimu wake alikuwa amewaonya: msimamishe kila mtu wa tano anayepita, si yule unayempenda. Mtu wa tano alipofika alikuwa mzee mwenye jembe begani. Absalom akamsalimia kwa heshima, akamwacha apite, akamngoja msichana wa gauni la manjano. Yeye aliita hiyo bahati. Mimi naita ugonjwa, na utaona ulimfikisha wapi.

"Sasa," alianza. "Naweza kukuuliza maswali mawili matatu? Ni ya shule."

"Uliza. Lakini mikono imejaa uozo, sisaini kitu."

"La kwanza. Nani alikudanganya ati hizo ni za kula?"

"Hilo liko kwenye karatasi yako?"

"Haliko."

"Basi wacha kujiharibia data, bana."

Wauza sukuma wakacheka, Absalom naye akacheka, na mambo yakaanzia hapo. Alimbebea gunia mpaka lango la chuo, akinuka avokado mwili mzima. Njiani Phelista alimweleza kwamba matunda hayo angeyakamua mafuta na kupika sabuni ya mche. Huo ndio ulikuwa mradi wake wa kumaliza masomo. Mwalimu wake, madam Wangechi, alitaka vitu vitatu: kemia ya sabuni yenyewe, hesabu za gharama na faida, na utafiti wa kuonyesha kama watu wanaitaka. Kemia angeifanya amefumba macho. Hivyo vingine viwili vilimuumiza kichwa.

Kumbe mwenye dawa ya hicho kichwa ndiye aliyebeba gunia.

Wakaanza kusaidiana kwa simu, Phelista Kitale, mwenzake Bungoma. Absalom alimfundisha kuandika gharama zote, hata jasho lake mwenyewe na maji ya bomba la chuo, maana Phelista alikuwa ameyahesabu hayo kuwa ya bure. Phelista naye alimweleza jinsi sabuni inavyoondoa mafuta kwenye sahani, jambo ambalo Absalom hakulihitaji popote maishani mwake, lakini aliliuliza tena na tena apate kusikia sauti ya Phelista. Masomo yakiisha, simu haikukatwa.

"Umekula?" Phelista angeuliza.

"Nitakula ukisema unanipenda."

"Basi utalala njaa, baba."

Lakini alimpenda, na hakuchukua muda kukubali. Absalom alikuwa mtu wa maneno matamu. Ukimwuliza kama nguo imekukaa, imekukaa. Ukimwuliza kama umechelewa, hujachelewa, ni yeye aliyewahi. Phelista, aliyelelewa katika nyumba ya watu wa kusema kilichopo, alistarehe na utamu huo kama mtoto aliyepewa miwa.

Sabuni ilipokauka, Absalom alitoa wazo zuri la kitaalamu: utafiti ufanyike Bungoma, si Kitale, maana Kitale wanamjua Phelista na watamsifu tu. Akachukua katoni ya miche, akaigawa nyumba kwa nyumba mjini, mtaa wa karibu na msikiti, na Mabanga. Kila nyumba mche mmoja, na baada ya wiki angerudi kuuliza.

Wiki ikaisha, akarudi. Nyumba ya kwanza walimwambia sabuni inawasha. Ya pili pia inawasha. Mtaani kwa msikiti kulikuwa na mama mmoja anaitwa Kadija, muuza mahamri. Huyo alimwekea vidole mbele ya pua.

"Angalia, mwanangu. Ngozi inabanduka. Hii sabuni yenu ni ya kuoshea matairi?"

Absalom aliandika yote. Alipomaliza, zaidi ya nusu walikuwa wamelalamika. Akaketi na hojaji zake, akamfikiria Phelista ameinama sokoni na gauni lake la manjano, akafikiria mradi mzima, akaona hawezi kumpelekea habari hiyo. Akatafuta hojaji mpya na kalamu ya rangi nyingine, akazijaza mwenyewe kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Wanafunzi wana neno lao kwa kazi hiyo, wanasema amepika data. Absalom alipika ikaiva.

Kisha akapiga simu.

"Mpenzi, wameipenda. Asilimia tisini."

Phelista alipiga kelele ya furaha hadi wenzake wa hosteli wakatoka nje. Mikono yake mwenyewe, iliyozoea dawa za maabara tangu mwaka wa kwanza, haikuwa imemwonya chochote.

Mambo yalikwenda mbio. Madam Wangechi alimpa alama za juu kuliko darasa zima. Kikundi cha akina mama wa Kiminini, kinachoongozwa na mama Tabby, kikaomba awafundishe kupika sabuni hiyo waiuze, kazi ianze Jumatatu. Absalom naye akaja na lake: alikuwa amezungumza na baba zake wadogo, na Disemba wangefika Ndalu kujitambulisha kwa wazazi wa Phelista. Msichana alikubali. Nani angekataa? Alama, kazi na mume katika mwezi mmoja.

Ilikuwa Alhamisi mchana, yuko maktaba akisafisha ripoti ya mwisho, ndipo jicho lake lilipogota kwenye jedwali la Absalom. Mjini, tisini. Kwa msikiti, tisini. Mabanga, tisini. Hakuna aliyeruka swali. Hakuna aliyejibu nusu.

Mtu wa biashara angeiona hiyo safi. Mtu wa kemia hapana. Maabara huwa unapima kitu kilekile mara tatu, na mara tatu zinakupa majibu yanayokaribiana, si yaleyale. Mwanafunzi akileta majibu matatu yanayofanana kabisa, mwalimu anajua ameyaandikia kantini. Phelista alilitazama jedwali hilo mpaka likaanza kucheza machoni. Akampigia.

"Abso, hakuna hata mmoja alilalamika?"

"Wachache tu, mrembo. Wanaipenda. Si nilikuambia una mkono wa baraka?"

Jibu tamu, tena la haraka. Siku nyingine lingemlaza usingizi. Siku hiyo lilimwacha ameshika simu asijue aiweke wapi. Alitaka kumwamini. Alijiona mbaya kwa kutomwamini. Asubuhi alivaa sweta juu ya sketi ya jana, akaenda Bungoma bila kumwambia mtu, akauliza mtaa wa msikiti nyumba zilizopewa sabuni. Wakamwelekeza kwa Kadija.

Kadija alimkaribisha chai, akamwonyesha vidole. Alisema kijana alikuwa na adabu sana na aliandika kila kitu, hata lile la matairi. Phelista akashukuru, akatoka nje, akampigia Absalom aje.

Absalom alimkuta katika hoteli moja karibu na steji ya matatu, chai mbele yake imeota utando. Aliingia anatabasamu, akafikiri ni ziara ya kushtukiza.

"Ulipika," Phelista alisema.

Angeweza kukataa. Kwa haki yake niseme kwamba hakukataa. Alivuta kiti akaketi.

"Nilipika."

"Kwa nini?"

"Sikutaka ulie."

"Abso, ile sabuni inachubua watu. Akina mama wa Kiminini wanaanza Jumatatu, wanataka kuuzia majirani zao. Ungeniambia, ningejua mapema kuna mahali nilikosea. Yale majibu mabaya ndiyo nilikuwa nayahitaji."

"Nilifanya hivyo kwa sababu nakupenda, Phely."

"Na hiyo nayo nitajuaje hukuipika?"

Phelista alichukua mkoba wake akaondoka.

Usiniulize nani alikuwa na haki, maana wao wenyewe hawakujua. Phelista alirudi Kitale na kichwa kilichovurugika. Asidi ina kipimo chake, unaichovyea karatasi na inageuka rangi, unajua. Mtu unamchovyea nini? Kama alidanganya kuhusu sabuni, je, yale mengine? Nguo zilizomkaa, sauti yake anayodai inamlaza, hao wazee wa Disemba? Halafu dakika hiyohiyo anakumbuka amebebewa gunia la uozo na mtu anayecheka, anaona moyo unamchoma. Alimchukia, akamkosa, akajichukia kwa kumkosa.

Lakini kazi aliifanya. Kwanza alimpigia mama Tabby kusimamisha kila kitu. Kisha akaenda kwa madam Wangechi akasema ukweli wote, ila jina la Absalom hakulitaja. Alama zikafutwa. Mradi angeurudia muhula ujao, na mahafali yangempita. Alipopitia hesabu zake upya alilia kwa hasira: kila mafuta yana kiwango chake cha kostiki soda, ile dawa kali inayoyageuza kuwa sabuni, naye alikuwa ametumia kiwango cha mafuta ya mawese kwa mafuta ya avokado. Kostiki ilizidi kidogo, ikabaki kwenye mche ikiwasubiri wenye mikono. Kosa la mstari mmoja. Angepata malalamiko mapema angelinasa asubuhi moja.

Na Absalom? Huyo alipiga simu mpaka akachoka, hazikushikwa. Rafiki zake walimshauri atume maua, atume rekodi ya sauti akiwa analia. Alikaribia kufanya yote mawili. Kisha akaona kwamba huko ni kupika tena. Alichofanya ni kurudi nyumba kwa nyumba kukusanya miche iliyobaki na kuomba msamaha. Wengine walimfukuza. Kadija alimwambia msamaha upo, lakini kwanza aoshe masufuria yote ya mahamri kwa sabuni hiyohiyo, aone. Akaosha. Yalikuwa mengi.

Siku mbili baadaye alisimama ofisini kwa madam Wangechi, mikono imewiva, ameshika hojaji za kwanza, zile za kweli, na lile la matairi ndani yake. Alisema aliyepika ni yeye, Phelista hakujua. Madam alimsikiliza, akamwambia alama hazirudi, na kwamba angeandikia chuo chake cha Bungoma. Absalom akasema sawa. Akauliza maabara iko upande gani.

Phelista alikuwa nje kwenye benchi, koti jeupe limefungwa mpaka shingoni, nywele amezifunga kitambaa tu. Alikuwa amekonda. Alizipokea hojaji akazisoma zote bila kuinua macho, na Absalom alisimama kama mtu aliyeitwa na chifu. Alipofika ya mwisho akazikunja mapajani.

"Nina swali moja. Usilipambe."

"Uliza."

"Unanipenda?"

Swali hilo zamani alikuwa analijibu kabla halijaisha kuulizwa. Sasa alilipima kwanza.

"Sijui," alisema mwishowe. "Nimetoka Bungoma nikijua nitasema ndiyo. Lakini siku hizi nakuogopa kuliko ninavyokupenda. Labda ni kitu kimoja, labda sicho. Kweli, Phely, sijui."

Machozi yalimtoka Phelista, akayafuta kwa mkono wa koti. Alimtazama kijana huyo kwa muda mrefu, shati limekunjamana, hana hata neno moja la kujitetea.

"Wale wazee wako," alisema, "bado wanataka kuja Disemba?"

"Niliwaambia wasubiri."

"Waambie waje."

"Lakini si nimekuambia sijui?"

"Nimesikia. Na hilo hukulipika. Hata mimi sijui. Waje tu."

Absalom alifungua mdomo aseme kitu kitamu, akafikiri, akaufunga. Phelista akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi ya kukaa.