Nyongeza ya Zablon

Zablon Omondi hatoki soko la Ndhiwa bila nyongeza. Akinunua nyanya, anasimama hapo hapo mpaka aongezewe moja. Akinunua omena, wale dagaa wa ziwani, anangoja konzi ya mwisho. Kina mama wa soko wanamwita Baba Nyongeza, naye anacheka tu.

Mke wake, Metrine, alimjua hivyo tangu mwanzo. Anasema hata siku ya kuposa, Zablon aliuliza kama kuna jogoo wa kuongezewa.

Mwaka huu walikuwa wanatafuta kitu kimoja: tangi la maji. Mgongo wa Metrine ulikuwa umechoka kubeba mitungi kutoka mtoni. Zablon hupakia miwa kwenye malori huko Awendo. Kidogo kidogo, walifikisha elfu ishirini na tano. Walitaka tangi liwe nyumbani kabla ya mvua ya Machi.

Jumapili moja baada ya chakula, Zablon alimwonyesha Metrine simu.

"Mama Liz, ona. Huu ni mchezo wa karata, unaitwa poka. Ukiweka elfu tano, wanakuongezea elfu tano."

"Wanaongeza kwa nini?"

"Ni bonasi. Sasa mtu akikupa zawadi unamwuliza sababu?"

Metrine alianza kukusanya sahani. Zablon akaweka elfu tano ya tangi.

Wiki ya pili alirudi na nyama nusu kilo.

"Hii ni rekibaki," alisema. "Kila mchezo kampuni inakata kidogo. Halafu Jumatatu inakurudishia sehemu. Hata ukiliwa, unarudishiwa."

Metrine aliila nyama hiyo, tena aliisifu. Baadaye jambo hilo lilimuuma.

Kwa sababu baada ya hapo Zablon alikuwa nyumbani na hakuwa nyumbani. Zamani alimsimulia mambo ya malori mpaka uji upoe. Sasa alikula bila kuangalia sahani. Vidole vilikuwa kwenye simu.

Halafu siku moja akasema, "Imebaki elfu mbili hivi. Nataka kuongeza elfu kumi kutoka kwa ile ya tangi. Bonasi inaisha baada ya siku tisa. Tukiiacha itapotea."

"Kwani ilikuwa yetu?"

"Ni yetu. Iko kwa simu. Imefungwa tu."

Metrine hakugombana naye. Alichukua debe la mahindi. "Nibebee hii kwanza," alisema. "Twende tusage kwa Nyasuguta."

Nyasuguta ana kinu cha kusaga unga hapo senta. Kabla ya kinu, aligawa karata kwenye kasino huko Kisumu miaka sita. Metrine alimweleza yote mbele ya Zablon. Nyasuguta alizima mashine. Akaleta karata na kopo tupu.

"Shemeji, kaa hapa. Wewe na bibi yako, kila mtu ahesabu punje thelathini za mahindi. Kila mara mnaweka punje mbili mbili katikati. Mwenye karata kubwa anazibeba. Mimi sichezi. Mimi nachukua punje moja tu, kwa kazi ya kugawa."

"Moja ni nini," alisema Zablon. "Chukua."

Wakacheza. Zablon alikuwa na bahati, na alimtania mke wake. "Mama Liz, leo utarudi nyumbani bila leso." Metrine alicheka. Siku nyingi hawakuwa wamecheka pamoja hivyo. Kila mara Nyasuguta alidondosha punje yake, na kopo lililia: ti.

Baada ya mara thelathini, Nyasuguta alisimamisha mchezo.

"Hesabuni."

"Mimi kumi na tisa," alisema Zablon. "Yeye kumi na moja. Nimemshinda."

"Ulianza na ngapi?"

Zablon alizitazama punje zake. Akaangalia kopo. Ndani kulikuwa na punje thelathini.

Nyasuguta alichota tano, akamwekea kiganjani. "Shika. Hiyo ndiyo rekibaki."

Zablon alihesabu. Ishirini na nne. "Lakini hii ni mahindi yangu," alisema polepole.

"Ni yako. Na ukitaka nikurudishie nyingi, lazima kwanza unipe nyingi."

"Mimi najua kucheza poka, dada."

"Sikatai. Mezani anayejua humla asiyejua. Na kampuni inakata kidogo kuliko mimi. Lakini simu inagawa haraka, na haichoki. Hata wale wachache niliowaona wakijua kucheza, rekibaki walikuwa wanaiita punguzo la gharama. Hakuna aliyeiita mapato. Haya, leta tuone hiyo bonasi."

Alisoma herufi zilizokuwa ndogo kama omena. "Hii elfu tano hujapewa. Inafunguliwa vipande vipande, kulingana na vile umekatwa. Lazima ucheze mpaka ukatwe vya kutosha, ndani ya siku thelathini. Siku zikiisha, kinachobaki kinafutwa. Ndiyo maana unaharakisha, na ukiharakisha unaliwa."

"Kwa hivyo nifanye nini?"

"Usiongeze kitu. Toa iliyobaki leo. Halafu uwaombe wafunge akaunti yako kabisa, wasikuruhusu tena."

Zablon alibonyeza. Simu ikauliza: ukitoa pesa, bonasi yako itafutwa, endelea? Kidole chake kikasimama hewani. Kwa mtu wa nyongeza, hiyo ilikuwa kama kuacha nyanya juu ya meza ya watu.

Metrine alimshika kiwiko. "Bonyeza, Baba Liz. Mimi nitakuongezea ndizi jioni."

Akabonyeza.

Elfu tatu iliyokwenda haikurudi. Zablon aliijaza kwa kupakia miwa mpaka Jumapili mbili zikapita bila kupumzika. Siku ya kununua tangi, mwenye duka alitabasamu.

"Mzee, ukichukua hili nakupa mfereji wa kufungulia maji, wa bure."

Zamani Zablon angekuwa ameshaukumbatia mfereji huo. Sasa aliuliza, "Hiyo bure umeitoa wapi?"

Mwenye duka alikuna kichwa. "Iko ndani ya bei."

"Basi itoe kwa bei."

Walipunguziwa mia nne. Nje ya duka, Zablon alikuwa anatembea kifua mbele.

"Baba Liz," alisema Metrine, "na maji tutayatoa kwa tangi na nini?"

Zablon alisimama. Akarudi dukani, akanunua mfereji kwa mia tatu na hamsini. Kabla ya kutoka, mkono wake ulibaki umefunguka juu ya kaunta.

Mwenye duka akamwekea peremende moja.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi. Metrine alifungua mfereji, akajaza sufuria bila kuinama. Zablon alikuwa kando yake akimsimulia habari ya lori lililokwama Awendo, na uji ulikuwa unapoa.