Sauti Inayotangulia

Walimwita Masikio, naye hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kurekodi kwaya na kusafisha sauti zao, na hata nzi wawili wakipita, angekwambia yupi ana mafua. Mkewe alizoea kumsuta: "Hedifoni unazijaribu wiki nzima, mimi ulinioa kwa siku mbili!"

Jioni ile, jua likizama, alipita dukani kujaribu hedifoni mpya. Dakika kumi tu, kisha akamchukue dada yake ampeleke hospitali. Dada alikuwa peke yake nyumbani, siku ya tatu ya homa. Homa ya namna ileile iliyomwondoa mama yao mwaka uliopita.

Mama mwenye duka akamketisha kwenye chumba cha kusikilizia, kidogo kama kabati, kuta zimevikwa sponji.

"Humu, baba, hata dhambi zako utazisikia."

"Basi nitalala humuhumu, mama."

Akacheka, akafunga mlango wa kioo.

Sasa, mjuzi wa sauti hajaribu kifaa kwa wimbo mgeni. Hukijaribu kwa sauti anayoijua mpaka pumzi. Masikio alitumia ujumbe wa sauti wa mwisho wa mama yake, aliomtumia kwa simu akiwa mgonjwa: "Mwanangu, usije leo. Nimepata nafuu. Nataka kulala." Mwana mtiifu, hakwenda. Asubuhi walimkuta wa baridi.

Akavaa hedifoni. Duka lote likamezwa. Akabonyeza.

Saa ya ukutani. Kitanda kikilia. Tone la maji kwenye beseni. Mwaka mzima hakuwahi kuyasikia hayo! Akatabasamu.

Kisha...

Mnong'ono.

"Mwanangu, usije leo..."

Halafu ndipo mama: "Mwanangu, usije leo."

Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. Kila neno lilitangulia kunong'onwa, kavu, si la mwanamume wala la mwanamke. Mama alilifuata kama mtoto anayefundishwa kusoma. Na mwishoni kabisa, mama alivuta pumzi aseme la kwake.

Ujumbe ukakatika.

Chumbani mle mkaingia harufu ya utambi uliozimwa. Masikio aliijua. Asubuhi ile chumba cha mama kilinuka hivyo hivyo, wakadhani ni taa. Mama hakuwa na taa ya utambi.

Simu ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa sauti, kutoka kwa dada.

Kidole kikabonyeza.

"Kaka, usije leo..." mnong'ono ukatangulia.

"Kaka, usije leo," akasema dada. "Nimepata nafuu. Nataka kulala."

Alitaka kuruka. Miguu haikuwa yake. Alitaka kuzivua zile hedifoni. Mikono ikabaki mapajani kama nguo zilizoanuliwa. Machozi tu ndiyo yaliyomtii.

Mama mwenye duka akayaona kupitia kioo. Akafungua mlango.

"Baba, vipi? Unalia?"

Masikio akafungua kinywa apige kelele: dada yangu, mkimbilieni dada yangu! Lakini sikioni kulikuwa na aliyewahi.

"Sauti nzuri..."

"Sauti nzuri," akasema Masikio.

"Si nilikwambia!" Mama yule akafunga mlango, kajaa furaha.

Simu ikaita. Mkewe. Kidole kikapokea chenyewe.

"Mume wangu, mbona kimya? Niende mimi kwa wifi?"

Nenda! Nenda sasa hivi!

"Usiende..."

"Usiende," akasema. "Amepata nafuu. Anataka kulala."

"Haya, Mungu mkubwa. Mpe pole."

Mpaka duka lilipofungwa ndipo miguu iliporudi kwa mwenyewe. Alikimbia barabara nzima, kiatu kimoja kikabaki njiani. Mlango wa dada ulikuwa wazi. Saa ya ukutani ilikuwa ikienda. Na ile harufu...

Walimzika kesho yake. Mkewe mpaka leo anauliza: "Nani alikwambia amepata nafuu?"

Hedifoni hakununua. Bado zipo rafuni, na wateja wanazisifu kwamba hazifichi kitu.

Ila mchunguze Masikio siku ukikutana naye. Msalimie tu, "Hujambo?" Hatajibu papo hapo. Atainamisha kichwa kidogo, upande wa sikio la kulia. Watu husema ni majonzi.

Subiri.

Subiri kidogo.

"Sijambo," atasema.

Maskini, hawezi kujibu mpaka aambiwe.